Seva ya pili peke yake haitaokoa mifumo ya ushirika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie hoja ya msomaji aliyelalamikia mifumo ya malipo ya korosho kusimama katikati ya msimu, na kupendekeza kwamba kila chama cha ushirika kinunue seva ya pili ili moja ikizima nyingine ishike kazi. Kero anayoieleza tunaijua sote tunaoishi huku Lindi na Mtwara, ambako mkulima aliyekwisha kupima korosho zake huambiwa arudi kesho kwa sababu mtandao uko chini. Hata hivyo, nikiwa mtu ninayeshughulika kila siku na kanzidata, yaani hifadhi za kumbukumbu ndani ya kompyuta, naona pendekezo hilo likitekelezwa lilivyo litatuletea tatizo kubwa kuliko tulilonalo.

Seva mbili zinazotunza kumbukumbu zilezile hujuliana hali kila baada ya muda mfupi. Siku kiungo kati yake kinapokatika, kila moja huacha kuisikia nyingine na haina namna ya kujua kama mwenzake amezimika au ni waya tu uliokatika. Zikiwa zimepangwa ziendelee na kazi, zote mbili zitajiona kuwa kuu: ghala la Tandahimba litaingiza kilo za mkulima katika seva moja, huku ofisi ya Mtwara mjini ikiandika malipo katika nyingine. Kiungo kikirudi, mhasibu atakuta vitabu viwili vinavyopingana, na kukichagua kimoja ni kufuta kazi halali iliyofanyika katika kingine. Zikiwa zimepangwa zisiendelee, basi zote zitasimama, na mkulima ataambiwa vilevile arudi kesho.

Ndiyo maana klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, hujengwa kwa idadi witiri ya nodi, yaani seva zinazoiunda. Kama vile mkutano mkuu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa mazao, usivyoweza kupitisha azimio bila akidi, nodi zilizobaki upande wenye wachache hujizuia kuandika chochote mpaka ziwaone wenzake. Katika nodi tatu akidi ni mbili, na katika tano ni tatu. Nne hazistahimili zaidi ya tatu, kwa kuwa akidi yake ni tatu na zikipotea mbili kazi inasimama. Nodi ya tatu si lazima iwe mashine ya gharama, kwani mifumo mingi huruhusu shahidi asiyetunza data ambaye kazi yake ni kupiga kura tu. La lazima ni akae jengo jingine, kwa umeme mwingine na njia nyingine ya mtandao. Nimewahi kuonyeshwa kwa fahari seva tatu zilizopangwa katika kabati moja, zote zikitegemea betri moja ya akiba na swichi moja. Hiyo, kwa maoni yangu, ni seva moja iliyolipiwa mara tatu.

Nodi isiyosikika si lazima iwe imekufa. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, kompyuta nyingi zilizotoweka machoni petu zilikuwa zikifanya kazi barabara huko zilikokuwa. Hata wakubwa hunaswa hapa. Tarehe 21 Oktoba 2018 kampuni ya GitHub ya Marekani ilipoteza mawasiliano kati ya vituo vyake kwa sekunde 43 tu. Programu yake ikahamishia ukuu wa kanzidata upande wa pili wa nchi ilhali kulikuwa na maandishi ambayo hayajanakiliwa huko, na huduma zikayumba kwa saa 24 na dakika 11 wakati mafundi wakioanisha pande mbili.

Uharibifu mkubwa, lakini, hutokea katika kuinua klasta iliyoanguka yote kwa pamoja, kama umeme unapokatika na betri zikaisha. Bosi amesimama mlangoni, foleni imefika barabarani, na fundi anaiwasha seva yoyote iliyo karibu na mkono wake. Chukua Galera, programu ya kuunganisha seva katika klasta, inayotumiwa na kanzidata za MySQL na MariaDB. Kila nodi ina faili dogo liitwalo grastate.dat lenye namba ya muamala wa mwisho. Nodi iliyozimika ghafla huonyesha -1, na wapo wanaodhani hiyo ni dalili kwamba data imepotea, kumbe ni kwamba mashine haikuwahi kuandika namba yake. Ipo amri ya kuitafuta namba hiyo ndani ya kanzidata yenyewe. Fundi anapaswa kuisoma katika nodi zote, aipate iliyo kubwa kuliko zote, na nodi yenye namba hiyo ndiyo iwashwe kwanza kama kiini cha klasta. Nyingine zifuate moja moja, zipokee miamala iliyozipita. Akianza na iliyobaki nyuma, zilizoendelea mbele zitagoma kujiunga ili kulinda data, naye kwa haraka atalifuta faili hilo ili zikubali. Hapo zitapokea nakala nzima ya seva iliyopitwa na wakati, na kilo zilizopimwa jioni ya jana zitafutika kila mahali kwa mpigo.

Kabla ya hatua hizo, data ya kila nodi inakiliwa pembeni. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa kampuni ya GitLab, akihangaika na unakili uliokwama, alifuta data katika seva kuu akidhani yuko kwenye ile ya akiba. Kati ya gigabaiti zipatazo 300 zikabaki 4.5. Bekapu za kawaida zilikuwa zikishindwa kimyakimya, na wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa saa sita hivi kabla.

Kuna watakaosema kazi hii ni ya mkandarasi wa Dar es Salaam. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kuu huko Kilwa, mkandarasi huyo asingefika kwa gari. Kwa hiyo naviomba vyama vikuu vya ushirika, kabla ya kusaini mkataba mwingine wa mfumo, vidai mambo mawili: hatua za kuinua klasta zilizoandikwa kwa Kiswahili na kuchapwa kwenye karatasi, kwa kuwa hati iliyomo ndani ya seva iliyozimika haisomeki, na zoezi la kuzima nodi kwa makusudi mwezi Septemba, kabla minada ya Oktoba haijaanza, likifanywa na mafundi waliopo hapahapa huku mkandarasi akitazama tu.

Wako,
Fundi wa kanzidata,
Mtwara.