Walinzi wa usiku nao ni waumini, msitusahau

Mhariri naomba kanafasi. Kuna watu ukiwaambia una upweke wanakujibu haraka haraka, imani yako ndogo, ongeza maombi. Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Dar, mke na watoto wako nyumbani Ngara, acha niseme ilivyo kwa upande wetu.

Bosi akishaingia na gari ukafunga geti basi, umebaki wewe na mbwa. Mpaka saa sita angalau bodaboda zinapita na kaka wa chipsi bado yupo, lakini ile saa nane saa tisa jamani, ndio unakumbuka kila kitu, ada, mama anavyoumwa, maneno mliyojibizana na mke kwenye simu, na huwezi kumpigia mtu saa hiyo atajua kuna msiba.

Hapo ndipo nilipojua kusali, sio kanisani. Rozari iko mfuko wa shati la yunifomu, tendo la kwanza, yaani fungu la kwanza la sala zake, naanzia getini, likiisha niko kwenye tenki la maji kule nyuma, naendelea hivyo hivyo kuzunguka ukuta. Nikichoka Salamu Maria naongea tu na Mungu Kihangaza, kwa sauti, maana mtaa huu sina wa kuongea naye lugha yetu. Mbwa ameshazoea.

Sidanganyi mtu, mke bado yuko mbali vile vile. Ila ile hali ya kujiona hakuna hata mmoja anayejua upo, inapungua kabisa. Yule wa Zaburi ya 130 anasema nafsi yake inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi, na anarudia tena, huyo lazima aliwahi kukaa lindo.

Na hao wa imani ndogo wakasome 1 Wafalme 19. Elia ametoka kuomba moto ukashuka pale Karmeli, halafu huyo huyo anakaa chini ya mti jangwani anaomba afe, na mbele kidogo analia kwamba kabaki peke yake. Mungu hakumgombeza, alimletea mkate na maji, akala akalala, akaletewa tena, na baadaye akapewa Elisha wa kuongozana naye. Yaani mtu kabisa, wa miguu miwili.

Kwangu mimi Elisha ni jumuiya, yaani kikundi chetu cha Wakatoliki majirani tunaosali pamoja. Tunasali Jumamosi asubuhi, nikitoka lindo napitia hapo hapo na yunifomu, kirungu naacha mlangoni, nikisinzia wakati wa Injili wananiacha. Nilipougua malaria walileta uji wa ulezi na mama mwenyekiti akanifulia mpaka mashuka. Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipokaa Nairobi mwaka 1976 wakazikazania hizi jumuiya ndogo ndogo, nadhani ndio haya waliyokuwa wanayataka.

Lakini wenzangu wengi hawana hiyo bahati, jumuiya zao zinasali jioni wakati wao ndio wanaingia kazini, mtu asipoonekana muda mrefu anaitwa mlegevu na jina linafutwa kwenye daftari.

Viongozi wa jumuiya, na nyie Walutheri wa KKKT, Anglikana, walokole, waulizeni walinzi, manesi na wale wa sheli walioko mtaani kwenu wanatoka kazini saa ngapi. Hata dakika kumi za sala getini kabla giza halijaingia zinatosha, na mkija mje na chai ya tangawizi.

Mlinzi, Tabata, Dar es Salaam