Kibao cha kugusa au cha kuskani? Soma kabla hujasema tumekupiga

Sisi tunatengeneza vibao vya maoni: mteja akigusisha simu (NFC, chipu ndogo ndani ya kibao) au akiskani kwa kamera (QR, ule mchoro wa mraba), unafunguka ukurasa wa Google wa kuandika maoni kuhusu biashara yako. Malalamiko ni yale yale: "Kile kibao chako hakisomi." Juzi mwenye mgahawa mmoja wa Kirumba, hapa Mwanza, alikuja amevimba, eti tumemuuzia plastiki tupu. Nikagusisha simu yangu pale pale, ukurasa wa maoni wa Google ukafunguka. Kumbe alikuwa amekibandika kwenye kaunta ya chuma. Chipu ya NFC haina betri, inapata nguvu kutoka kwenye simu inayoisogelea, na chuma kinavuruga mawimbi hayo. Zipo stika zenye tabaka la kukinga chuma. Tulimtajia mapema, akaona bei imezidi.

Halafu angalia simu za wateja wako. iPhone kuanzia XS na XR za 2018 zinasoma bila kufungua programu yoyote, lakini simu nyingi za bei nafuu wanazotumia watu wa soko la Mwaloni hazina NFC kabisa. Huyo atagusisha mpaka kesho. QR inataka kamera na bando tu. Kwa mgahawa, saluni au gereji, anza na QR. Hoteli ya Capri Point yenye watalii, weka vyote viwili.

Ila kwenye QR ndiko watu wanakojiumiza. Mtu anatengeneza ya bure mtandaoni, anachapa stika lukuki, kipindi cha majaribio kinaisha, mteja akiskani anaambiwa imefungwa. QR za namna hiyo hupitia kwanza kwenye seva ya waliozitengeneza. Dada mmoja wa saluni, Nyegezi, alibandua stika kwenye vioo vyote na kulipia uchapaji mara ya pili. Sisi tunaweka kiungo chako moja kwa moja, tunachapa kwa kiwango H, kinachosomeka hata karibu asilimia 30 ikichubuka (mafuta ya sato hayana huruma), na laminesheni isiyong'aa. Juu tunaandika TUPE MAONI kwa herufi kubwa, la sivyo wateja wanadhani ni Lipa Namba.

Mnasema stika ya NFC ni rahisi kuagiza. Kweli. Unachotulipa ni kuijaribu kwa simu tofauti, kisha kuifunga isiandikwe upya. Isipofungwa, mtu yeyote mwenye programu ya bure anabadilisha kiungo huku akisubiri ugali wake.

Na tusiombwe kuandika "nyota 5 upate soda". Google hawaruhusu maoni ya kununuliwa, wanayafuta.

Ukija, njoo na simu yenye akaunti ya Google ya biashara yako. Bila hiyo kazi inalala.