Jumamosi: njooni na karatasi zenu

Asalaam aleikum, na habari za jioni wanakikundi. Wakili atakuwa nasi Jumamosi baada ya Alasiri kutusaidia kuandika wosia. Beba kitambulisho, pini ya KRA (namba ya mlipa kodi), cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na hati ya ardhi kwa aliye nayo. Sisi wa Majengo ambao nyumba ni zetu lakini kiwanja kina mwenyewe, tuje na mkataba wa mauzo na risiti za kodi ya kiwanja, hata zile zilizotafunwa na mende. Bila hizo watoto watathibitisha vipi nyumba ilikuwa ya nani?

Wosia wa maandishi unataka mashahidi wawili, na wasiwe warithi. Basi usimwite mwanao kutia sahihi. Wa mdomo nao unataka mashahidi wawili, tena husimama tu ukifariki ndani ya miezi 3, kwa hivyo "nilishawaambia" haitoshi. Waislamu, wosia wetu mwisho wake thuluthi ya mali, wala si wa kumpa mrithi. Kilichobaki kina mafungu yake ya warithi kisheria ya dini.

Fomu za mrithi za SACCO pia zikaguliwe. Kuna watu humu bado wameandika watalaka wao!