Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mlioitikia mwito,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha nazo. Vikao vya sisi walezi wa wagonjwa wa akili vilifanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, isipokuwa Aprili mvua ilipotuzuia. Siku ya Afya ya Akili Duniani, tarehe 10 Oktoba, tuliiadhimisha pamoja na wauguzi wa kliniki. Tulitoa nauli mara 61, tukachangia dawa kwa familia 14, na wanachama 9 tukawasaidia kujisajili SHA, bima ya afya ya serikali. Januari tulifurahia uamuzi wa Mahakama Kuu ya Kenya uliotangua kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Wawili kati yetu waliwahi kuwafuata watoto wao rumande walipostahili kuwafuata wodini. Hao hawahitaji kuelezwa uzito wa habari hiyo.

Sasa niingie kwenye jambo lililotugawa tangu Julai.

Familia ya mmoja wa waanzilishi wetu iliomba shilingi 18,000 za dharura, zilipie miezi 3 ya kijana wao katika nyumba ya maombezi ambako wagonjwa hufungwa mnyororo mguuni. Kamati ilikataa kwa kura 5 dhidi ya 2, na kura yangu ilikuwa miongoni mwa hizo 5. Tangu siku hiyo nimesikia mengi: kwamba mwenyekiti amejifanya hakimu, kwamba nimedharau dini za watu, kwamba sijui maana ya kukesha na mgonjwa anayepiga mlango mateke saa tisa za usiku.

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Mwaka 2009 nilimpeleka mdogo wangu mahali kama hapo, na mlipaji nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechoka, na mama alikuwa ameanza kwenda kulala kwa jirani. Niliporudi baada ya wiki 7, mnyororo ulikuwa umekula nyama ya kifundo cha mguu, na dawa zake alinyang'anywa siku ile ile tulipomwacha. Hadi leo, na joto letu hili la Mombasa, hatoki nje bila soksi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba nazungumza nisiyoyajua.

Kuhusu dini, hakuna aliyekatazwa kuombewa. Shekhe na mchungaji wote wamekaa nasi vikaoni. Tulichokataa kulipia ni mnyororo. Ibara ya 29 ya Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya mateso na ukatili, na ibara ya 25 inasema haki ya kutoteswa haipunguzwi kwa hali yoyote. Mgonjwa wa akili hakutengwa humo. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanatambua haki ya mgonjwa kuelezwa matibabu yake na kutoa ridhaa. Chama kinachodai haki hizo hospitalini kitalipaje mnyororo kwa risiti yenye muhuri wake?

Mmeniuliza, na ni swali la haki: je, akikataa dawa kabisa na anatishia watu? Sheria ina njia ya kumlaza mtu bila ridhaa yake. Ndugu wa karibu anaomba, daktari anampima, na muda wa kulazwa una kikomo. Si njia nyepesi, na haipendezi. Lakini karatasi ina jina la daktari na tarehe, na kuna mtu wa kuulizwa. Wengine wamesema hata hospitali hufungia watu. Kweli, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilieleza hali mbaya za hospitali mwaka 2011. Huko nako tulalamike, kwa sauti ile ile.

Kuhusu utaratibu, kifungu cha 14 cha katiba ya chama chetu kinaipa kamati mamlaka juu ya fedha za dharura. Sikulazimika kuitisha mkutano mkuu. Nakiri kosa moja: jibu lilipelekwa kwa barua. Ilinipasa kwenda mwenyewe kwa mama yule, nikae kwenye mkeka wake, nimweleze. Nilienda Septemba, akanipokea. Kijana yuko nyumbani, anapata sindano yake ya kila mwezi, na nauli nimeitoa mfukoni mwangu mara mbili. Nisingeitaja kama isingesemwa kwamba niliitupa familia ile.

Mkutano wa Agosti niliuitisha mahsusi kwa jambo hili. Daftari lina wanachama 83, akidi, yaani idadi ya chini ya kuhalalisha mkutano, ni 28, walikuja 19. Waliokuwa wakali zaidi kwenye WhatsApp sikuwaona. Ada ya shilingi 100 kwa mwezi ilipaswa kutupa 99,600. Tumekusanya 41,300, deni ni 58,300. Nauli na dawa zimekula 35,200, zimebaki 6,100. Julai hatukuwa na hizo 18,000, lakini sitaki kujificha nyuma ya sanduku tupu. Tungekuwa nazo, ningepiga kura ile ile.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuonana na idara ya afya ya kaunti kuhusu dawa zinazokatika, na kupata wakili wa kutufafanulia taratibu za kulazwa. Mazungumzo bado ni ya awali.

Wanaotaka uamuzi wa Julai ubadilishwe walete hoja kwa maandishi kwa katibu kabla ya kikao cha Januari. Nitaisoma mbele ya wote bila kuruka neno. Mdogo wangu atakuwepo siku hiyo. Ameomba apewe dakika chache za kusema.

Mwenyekiti