Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyoazimia, ili wenzetu wa Arua na Busia wasiseme tena kwamba chama hiki cha wachunguzi wa wadudu ni cha watu wa Kampala.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tulikwenda msitu wa Mpanga mara mbili, msitu wa Mabira mara moja, Bustani ya Mimea ya Entebbe mara tatu. Hapo Entebbe tulimpata dume wa kunguni-maji amebeba mayai mgongoni, yamepangwa kama punje za muhindi. Sampuli mpya ni 388, maboksi 7, pakiti za pini 9, nne kati ya hizo nilizinunua kwa pesa yangu na sijadai. Wanachama 46, waliolipa ada 17, deni la ada shilingi 1,450,000.

Sasa suala la orodha. Imesemwa kwamba mwenyekiti amefuta kazi ya watu. Kweli, orodha yetu ya jamii ya kunguni wa Uganda (si wa kitandani tu, bali jamii nzima ya wadudu hao wenye mdomo wa kufyonza) ilikuwa na spishi 214 na sasa ina 152. Zilizotoka zote zilikuwa picha za simu zisizo na sampuli. Uamuzi ni wangu, siukimbii, ingawa kamati nayo iliupitisha (waliokuwepo).

Chukueni mfano mmoja. Mwanachama alileta picha ya mdudu wa kijani anayeng'aa, tukamwandika. Mwingine akasema huyo ni mbawakawa. Nani angeamua? Mbawakawa mabawa yake hukutana katikati ya mgongo yakaacha mstari. Kunguni-ngao wa aina hiyo ya kung'aa hana mstari huo, ngao moja imefunika mgongo mzima. Picha ilikuwa na mwanga mkali palepale mgongoni. Mngekuwa na mdudu mwenyewe mngemgeuza tu, mkauona mdomo wa kufyonza umelala kifuani kama sindano, kesi ikaisha. Wale wadogo wa kwenye majani ndio balaa zaidi: wengi huwezi kuwatenganisha bila kuchunguza kiungo cha uzazi cha dume chini ya darubini. Na tunutu, yaani mdudu mchanga asiyekomaa, je? Mkulima wa kahawa akituuliza ni antestia (kunguni wa kahawa) yupi anayetoboa buni zake hata kahawa ikanuka kiazi kibichi, tumwonyeshe picha ya tunutu yenye ukungu?

Wapo wanaosema nilizilenga rekodi za mtu fulani kwa sababu ya uchaguzi. Zangu 9 nazo zimetoka, japo 4 nina hakika nazo kabisa. Na picha hazikutupwa. Zimewekwa pembeni, atakayerudi na sampuli yenye pini, mahali na tarehe, jina lake litarudi siku hiyohiyo. Lebo iliyoandikwa "Mabira, juzi" haitoshi.

Mahudhurio yanasikitisha. Safari ya pili ya Mpanga tulikuwa 6, na wawili kati yetu walitokea roleksi (chapati za mayai) zilipofika. Mafunzo ya kuchoma pini niliyaendesha peke yangu: kwa kunguni pini inapita kwenye ngao, kidogo upande wa kulia, si katikati, na wadogo wanagundishwa kwenye ncha ya karatasi. Wengi wa waliolalamika kuhusu orodha hawakuwepo siku hiyo. Boksi moja limeliwa na siafu kwa sababu aliyekabidhiwa hakuweka naftalini. Simtaji.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatumaini kufika Budongo, na huenda Bwindi, vibali vikipatikana. Kijitabu cha kunguni wa mashambani bado kipo mawazoni.

Mwisho, taa ya mtego na shuka lake jeupe havijarudi tangu Mabira. Aliyenavyo avilete kabla ya msimu wa nsenene (senene) wa Novemba, na shuka liwe limefuliwa.

Mwenyekiti