Si kila kitu ni "Serikali", Ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum.

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi skuli uso umemkunjana, mkononi ana karatasi ya mtihani wa Uraia. Swali lilikuwa: nani anatunga sheria Zanzibar? Yeye alijibu "Serikali", mwalimu akamtia kosa. Mtoto hakukubali. Akaingia chumbani kwenye rundo la magazeti ninayoyaweka chini ya kitanda, akatoka na gazeti lako, akatia kidole juu ya kichwa cha habari: Serikali yapitisha sheria mpya. "Babu, na hawa nao wamekosa?"

Nikamwambia ndiyo, wamekosa. Halafu usiku nikajilaumu, maana nimesomesha miaka mingi na najua jambo lenyewe si jepesi hivyo. Katiba yetu ya 1984 inasema chombo cha kutunga sheria kina sehemu mbili: Rais wa Zanzibar upande mmoja, Baraza la Wawakilishi upande wa pili. Mswada ukishapita Chukwani, liliko Baraza hilo, bado si sheria mpaka Rais autie saini. Kwa hiyo mkono wa mkuu wa Serikali umo. Tena mawaziri wanateuliwa miongoni mwa Wawakilishi, na Makamu wa Pili wa Rais ndiye anayeongoza shughuli za Serikali barazani. Mtu mmoja asubuhi anauleta mswada kwa kofia ya Waziri, jioni anaupigia kura kwa kofia ya Mwakilishi. Anayetaka mihimili iliyotenganishwa kwa kisu aende Marekani, ambako waziri haruhusiwi kukaa bungeni. Sisi mtindo wetu tumeurithi kwa Muingereza. Basi hata mwalimu wa mjukuu wangu angeweza kumpa nusu alama (nimemwambia mtoto asiende kumwambia hivyo).

Lakini watu kuchanganyika si sawa na kazi kuchanganyika. Serikali inapendekeza, Baraza linakubali au linakataa, Mahkama inatazama kama kilichokubaliwa kinakwenda na Katiba. Wenye umri wangu tunakumbuka ilivyokuwa kabla. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 katiba ya uhuru ya 1963 ilifutwa, na Baraza la Mapinduzi likawa ndilo linalotunga sheria na ndilo linalotawala. Katika miaka ya 70 tulikuwa na mahkama za wananchi ambazo wakili hakuruhusiwa kusimama ndani yake. Hali ya kutunga na kutawala pahala pamoja ilikwenda hivyo mpaka Katiba ya 1979, na Baraza la Wawakilishi likaanza kazi 1980. Kwa wakati ule, "Serikali yapitisha sheria" kingekuwa kichwa cha habari sahihi kabisa. Chako, Ndugu Mhariri, kimechelewa zaidi ya miaka 40.

Utaniambia neno moja tu hilo, mzee, unatusumbua. Sikiliza linavyofanya kazi. Sheria ikipandisha ada inayomgusa mvuvi wa hapa kwetu, watu barzani wanaisema Serikali mpaka kahawa inapoa. Hakuna anayeuliza Mwakilishi wetu alisema nini siku hiyo, au kama alikuwemo ukumbini. Yeye naye akija msibani anatikisa kichwa pamoja nasi, "Serikali hii!", kama vile hakunyoosha mkono kuunga mkono hoja. Neno lenu limemsitiri. Uchaguzi ukifika tunamhukumu kwa mabati na mashine ya maji, si kwa kazi tuliyompeleka Chukwani.

Tena kuna Serikali mbili, ya Muungano na ya Mapinduzi ya Zanzibar, na hapo ndipo gazeti lako linapoturusha roho kabisa. Sheria ikipita Dodoma, kwenye Bunge la Muungano, mnaandika "Serikali" na kesho yake watu wa Wete wanaulizana kama nao inawahusu. Jibu limo katika Katiba ya Zanzibar, kifungu cha 132: sheria ya Bunge haitumiki huku ila iwe inahusu mambo ya Muungano, na iwe imewasilishwa mbele ya Baraza la Wawakilishi na Waziri anayehusika. Mambo hayo yalikuwa 11 katika Mkataba wa 1964, na leo orodha iliyomo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina 22. Polisi imo, uraia umo, elimu ya juu imo. Haki za binadamu hazimo. Ndiyo maana Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya 2001, ilikaa miaka kadhaa bila ya kufanya kazi Zanzibar, mpaka Baraza letu lilipoifungulia njia. Miaka yote hiyo, mtu aliyesoma gazeti tu angedhani Tume yake anayo.

Na mipaka hiyo ikibishaniwa, nani anaamua? Mwaka 2000 Mahakama ya Rufani ilisema kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi, kwa kuwa dola ni moja, nayo ni Jamhuri ya Muungano. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mizengo Pinda, akasema bungeni kwamba Zanzibar si nchi. Nani asiyekumbuka barza zilivyowaka! Mwaka 2010 Baraza la Wawakilishi likayafanya Mabadiliko ya Kumi ya Katiba, na kifungu cha kwanza kabisa kikaandika kwamba Zanzibar ni nchi. Mabishano yote hayo, na upande wa pili wa maji kuna chombo kilichowekewa kazi hiyo hasa: Mahakama Maalum ya Katiba, Ibara ya 125 mpaka 128 za Katiba ya Muungano. Ni ya kutoa uamuzi wa usuluhishi pale Serikali mbili zinapogombana juu ya tafsiri ya Katiba ile. Nusu ya wajumbe wanateuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na Serikali ya Mapinduzi, na uamuzi unataka thuluthi mbili ya kila upande. Haijawahi kukaa hata siku moja. Mimi naona ilivyotengenezwa ni taabu tupu, kwa sababu kila upande unaweza kuukwamisha mwengine. Lakini angalau ipo katika karatasi, na sijaona hata mara moja gazeti lako limeuliza kwa nini haiitwi.

Ninachokuomba hakigharimu hata senti. Mwandishi wako akimaliza habari yake, mhariri wa zamu amuulize: nani hasa kafanya? Waziri kasaini kanuni? Baraza limepitisha mswada? Rais ametia saini? Hakimu ametoa amri? Ni ya Chukwani au ya Dodoma? Nafasi ya kuandika "Baraza la Wawakilishi" ikiwa ndogo katika kichwa cha habari, andikeni "Baraza", sote tutaelewa. Na ikiwa mswada umepigiwa kura, mara moja moja tutajieni Wawakilishi wa Pemba waliosimama kuchangia, na walichosema.

Mjukuu wangu nimemsomea barua hii kabla ya kuitia posta. Amesema ni ndefu. Halafu amesema niongeze kwamba ile alama moja anakudai wewe, si mwalimu wake.

Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba