Mihadhara ya chuo irekodiwe, tunapoteza mengi

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mi ni mwanafunzi wa ualimu mwaka wa 3, somo langu jiografia, na hili jambo linaniuma toka naanza chuo.

Muhula uliopita niliugua malaria nikalala siku 9, kurudi wenzangu wakanipa madesa (notsi za darasani), kuyafungua ni slaidi tupu, kichwa cha habari na vinukta vitatu, maelezo yenyewe lekchara aliyasema kwa mdomo na yameisha palepale. Ntayapata wapi? Na hata ukiwepo sio kwamba umesikia, zile kozi za lazima tunajaa mpaka watu wanasimama dirishani daftari wamelibandika ukutani, na spika zikigoma siku hiyo ndo basi tena.

Kinachotuokoa ni YouTube. Chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza toka 2001 kwamba kitaweka masomo yake bure mtandaoni, India nao wana mpango wao wa NPTEL ulioanza 2003, maprofesa wa IIT, vyuo vyao vikubwa vya teknolojia, wanarekodiwa wakifundisha na yeyote anasikiliza. Somo zima la takwimu nimelielewa kwa profesa wa India, Mungu ambariki. Ila yule hawezi kunifundisha Shinyanga. Sisi tulikuwa na mwalimu aliyetuelezea jinsi Wasukuma wanavyoujua udongo wao kuanzia mlimani kushuka bondeni, luseni ya kichanga juu, chini kabisa mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi, siku hiyo akaja na bonge la udongo huo wa mbuga limekauka mpaka unapitisha kalamu kwenye nyufa, akalimiminia maji ya chupa yake ya kunywa tukaona linavyovimba na nyufa kuziba. Hakuna aliyerekodi. Mwaka huohuo akastaafu.

Najua walimu wana hofu. Wanasema tutatoroka vipindi, jamani wa kutoroka anatoroka hata sasa hivi. Hofu ya pili ndo naielewa, kwamba mtu atakata sekunde 20 za maneno yako azirushe WhatsApp bila mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo mwalimu aombwe ridhaa kwanza, asikilize, akitaka kuondoa kipande aondoe, na kazi hiyo ihesabiwe anapoombea kupanda cheo, sio aongezewe mzigo wa bure.

Na wasituambie habari za studio. Maiki ya kubana kwenye shati inatosha, tena sauti tu, maana saa nzima ya sauti ikibanwa vizuri inakuja kama MB 15 wakati video ni mamia, na bando zetu tunazijua. Ziwekwe kwenye seva ya chuo tuzichukue kwa Wi-Fi ya pale pale hata kama intaneti ya nje imekata.

Darasani kwetu kuna mwenzetu haoni. Kila kipindi anatangulia, anapapasa meza ya mbele, anaomba ruhusa, anaweka simu yake pale irekodi, ndo daftari lake hilo. Sasa wiki ya kabla ya UE (mtihani wa mwisho wa muhula) darasa zima sisi wenye macho tunapanga foleni kwake na flashi mkononi. Mwezi uliopita simu ilijaa, ikabidi afute mihadhara yote ya mwaka wa 1 ili apate nafasi ya kurekodi ya mwaka huu.

Mwanafunzi, Dar es Salaam